Msamaha wa Sikio

1

Kilele cha asubuhi ile kilitoka kinene.

Huko kliniki ya watoto, ambako Tusekile alishika mizani miaka mitatu kabla ya kuajiriwa Kituoni, unene ulikuwa habari njema. Mtoto akijaza mashavu, mama yake alipongezwa mpaka getini. Kituoni mambo yalikuwa kinyume. Kilele cha mchoro kikiwa chembamba kama sindano, ni cha kiini cha atomi kitakachokaa. Kilele kinene ni cha kiini kitakachoondoka hata hujakizoea. Ilimchukua Tusekile mwezi mzima kuacha kuvichekea vinene.

"Thelathini na moja," alisoma kwenye kioo. Bupe, bintiye wa miezi minane, aliyekuwa mgongoni, akadaka msuko mmoja akauvuta kwa nguvu zake zote.

"Thelathini na ngapi?" aliuliza Shangazi kutoka mezani kwake.

"Na moja, Shangazi."

"Basi toa msamaha uandike, gari la kamba linashuka wodini saa sita."

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Jina lake ni Sikudhani Kalinga, mama wa Iringa mwenye miaka hamsini na minane, mkuu wa chumba cha vipimo tangu Kituo cha tiba ya uvimbe kilipojengwa kwenye vilima vya chai juu ya Tukuyu. Ndiye aliyemfundisha Tusekile kuwasha mitambo, ndiye aliyemletea uji wa ulezi siku ya tatu baada ya kujifungua, na ndiye aliyemwambia mkurugenzi usoni kwamba sheria ya mama anayenyonyesha si pambo la ukutani, kwa hiyo mtoto ataingia na mamaye chumba cha vipimo, apende asipende. Mitambo yenyewe ilikuwa ng'ambo ya ukuta wa zege wenye unene wa mita mbili. Upande huu kulikuwa na vioo, viti, chupa ya chai na harufu ya maziwa ya Bupe. Wodi ilikuwa chini ya kilima, na gari la kamba, kibanda kilichoning'inia kwenye waya, ndilo lililounganisha huku na kule.

Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na vitu viwili. Kimoja ni Mbeleko. Wataalamu waliouunda mtambo ule waliuita jina refu lenye herufi na namba, lakini wafanyakazi walipoona kazi yake walijua jina lake hasa: ulikuwa wa kumshika mtu asiyeweza kujishika. Florini ya kawaida, ile ya dawa ya meno, ina protoni tisa na nyutroni kumi, na hao hukaa pamoja milele. Florini ya Kituo ilikuwa na protoni tisa na nyutroni sita tu. Protoni zinasukumana, nyutroni za kusuluhisha hazitoshi, na protoni moja hupenya ukuta wa kiini ikaenda zake. Zamani hilo lilitokea haraka kuliko neno haraka. Chukua sekunde moja uigawe mara bilioni. Kipande kimoja ukigawe tena mara bilioni. Kilichobaki ukigawe mara elfu. Kiini cha florini ile kiliishi muda kama huo. Mbeleko iliunenepesha ukuta wake kwa sumaku na mwanga, na ilipokibana sawasawa, kilitulia humo hata wiki nzima. Ukiilegeza, saa yake inaanza kuhesabu, lakini sasa kwa dakika na masaa, maana ukuta ulionenepeshwa haukurudi kuwa mwembamba.

Ndiyo maana iliwezekana kuifanya dawa. Florini iliingizwa kwenye mshipa, ikasafiri na damu dakika ishirini, ikajikusanya kwenye uvimbe, na humo protoni zikatoka moja moja. Kila protoni husafiri umbali mdogo kuliko unene wa unywele, huua seli iliyo mbele yake, husimama. Ikitokea mahali pake, ni dawa. Ikitokea njiani, kwenye mshipa wa fahamu au kwenye ubongo, seli inayokufa ni ya mtu asiye na kosa.

Kitu cha pili kilikuwa Sikio, chombo kilichosikiliza mlio wa viini na kuuchora kama kilele. Elfu mbili ugawe kwa upana wa kilele, unapata dakika ambazo kiini hukaa, kwa wastani. Kanuni ya Kituo ilikuwa moja, na ilibandikwa kila mlango: upana usizidi kumi.

Na kwa kuwa hakuna sikio lisilo na uziwi wake, Sikio nalo lilitia ukungu kidogo kwenye kila mchoro. Ukungu huo ulikuwa na namba, na namba hiyo ilitolewa kwenye kila kipimo. Wafanyakazi waliiita msamaha. Iliandikwa kwa chaki ukutani, pembeni ya mlango. Asubuhi ile ilisomeka ishirini na mbili.

Thelathini na moja kutoa ishirini na mbili ni tisa. Tisa inapita.

Tusekile alishika kalamu, akaiweka chini.

"Shangazi, nikuulize kitu. Nilipoingia hapa mwaka jana msamaha ulikuwa ishirini."

"Ndiyo. Mzee Gwamaka alipostaafu aliacha moja. Na yule kijana aliyehamia Songea aliacha moja."

"Waliacha?"

Shangazi alicheka. "Hujui? Ndio utaratibu wetu. Mtu akiondoka hapa, anamwongezea Sikio msamaha kidogo. Mzee amezeeka yule, miaka tisa hajalala. Anayeondoka anamwachia heri yake."

"Na mwanzoni ulikuwa ngapi?"

"Nne," alisema Shangazi, na alipokwisha kuitamka ile nne, kicheko chake kikapungua.

2

Kengele ya rejea ilikuwa kwenye kabati la chini, ndani ya kasha lililofungwa kwa utepe. Ndani yake mlikuwa na kiini kitulivu, kisichoondoka, chenye mlio mwembamba kama mstari wa kalamu. Ukimsikilizisha Sikio kengele ile, unene wowote utakaouona ni wa Sikio mwenyewe. Mwongozo ulitaka ipigwe kila wiki. Juu ya utepe palikuwa pameandikwa tarehe ya miaka sita iliyopita.

"Tulisema tunajua," alinong'ona Shangazi. "Mashine ikizeeka tunajua imezeeka. Unampimaje mzee wa watu kila wiki kama mshukiwa?"

Tusekile aliiweka kengele kwenye kisanduku cha kupokelea, mkono wa chuma ukaipeleka ng'ambo. Walisubiri. Bupe alikuwa amelala sasa, mdomo wazi, mate yakilowesha bega la mamaye.

Kioo kikaandika: nne.

Walirudia. Nne. Shangazi alivaa miwani, akaja mwenyewe, akabonyeza mwenyewe. Nne na nukta moja.

Sikio halikuwa limezeeka hata kidogo. Iliyochoka ilikuwa Mbeleko. Kila mwaka vilele vilinenepa, na kila mwaka wafanyakazi waliona kosa kwa Sikio, wakamsamehe kosa asilolifanya.

Tusekile hakuhitaji karatasi. Thelathini na moja kutoa nne ni ishirini na saba. Elfu mbili gawa kwa ishirini na saba: dakika sabini na nne. Katika safari ya dakika ishirini, karibu robo ya viini vingeachia protoni njiani.

"Mizigo miwili ya mwisho ya florini nayo..." alianza.

"Najua." Shangazi alikuwa amekaa. "Yule baba wa Kyela alisema vidole vinamfa ganzi. Nikamwambia ni baridi la huku, avae soksi." Alifunika macho kwa viganja. "Nikamwambia avae soksi, Mama Bupe."

Tusekile alimshika bega. Nje, mvua nyembamba ya Tukuyu ilianza kupiga bati, ile isiyo na haraka ya kuanza wala kumaliza.

"Mzigo wa leo ni wa nani?" aliuliza, ingawa alijua. Jina lilikuwa juu ya fomu.

"Usiniulize unalolijua."

Mwalimu Ambakisye Mwaipungu. Jicho lake la kushoto lilikufa tangu utotoni kwa surua. Nyuma ya lile la kulia, lililobaki, mlikuwa na uvimbe mdogo kama punje ya dengu, ukiubana mshipa wa kuonea. Daktari alikuwa amesema wazi: ama dawa ya Kituo wiki hii, ama Ijumaa wanalitoa jicho kabla uvimbe haujapanda kichwani. Leo ilikuwa Jumanne. Mzigo mwingine wa florini ungekuwa tayari baada ya wiki tatu.

Huyo ndiye mwalimu aliyemfundisha Tusekile fizikia katika madarasa ya jioni, pale shule ya msingi, juu ya madawati ya watoto ambayo magoti ya watu wazima hayakuingia chini yake. Tusekile alipoacha kuja kwa sababu ya ujauzito, Mwalimu alimfuata nyumbani na begi la chaki kwapani, akakaa jikoni, akasema, "Mimi nimekuja kumfundisha huyo aliye tumboni. Wewe kama unataka sikiliza, kama hutaki endelea kumenya viazi." Akafundisha. Tusekile alisikiliza. Elimu yake yote ilitoka kwenye ile chaki.

"Robo tatu zitafika," alisema Shangazi polepole. "Robo tatu si haba. Jicho linaweza kupona."

"Na robo?"

"Robo..." Shangazi aliangalia ukuta wenye ile namba. "Pengine ganzi kidogo. Pengine asiweze kutembea. Pengine tusijue mpaka siku anasahau jina lake. Sikushauri, mwanangu. Nafikiri tu kwa sauti. Mimi nikisema nisaini, nitasaini kwa ajili ya kujificha, nikijidanganya ni kwa ajili yake. Kwa hiyo siwezi kusema. Lakini fomu inataka saini ya mpimaji, na mpimaji wa leo ni wewe."

Hakuna mtu mwingine Tukuyu nzima aliyejua ile nne. Andika tisa, gari la kamba lishuke saa sita, Mwalimu abaki na jicho lake, na msamaha uendelee kukaa ukutani. Kosa lilikuwa la watu wengi na la zamani; halikuwa na sura yake.

"Nashuka wodini," alisema Tusekile.

"Kumwambia? Haturuhusiwi kuwapa wagonjwa namba."

"Haturuhusiwi pia kuacha kupiga kengele miaka sita, Shangazi."

Shangazi alifungua daftari la majina ya wagonjwa. Kisha akavuta simu karibu yake. "Nenda. Mficha uchi hazai. Mimi naanza na Kyela."

3

Mwalimu Ambakisye alikuwa ameketi dirishani wodini, daftari la mwanafunzi limegusana na pua yake, akisahihisha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani huyo? Ngoja, usiseme. Anayenuka maziwa na waya zilizoungua ni mmoja tu. Tusekile! Na mwanafunzi wangu wa tumboni yupo?"

"Huyu hapa, amelala."

"Darasani kwangu walilala wote, hajaanza yeye." Akacheka, akaweka daftari chini. Kisha akasikiliza ukimya wa Tusekile, maana mwalimu wa miaka ishirini na sita anajua ukimya wa mtu asiye na jibu na ukimya wa mtu mwenye jibu baya. "Haya, sema. Mzigo umemwagika?"

Alimwambia yote. Msamaha, kengele, nne, ishirini na saba. Hakulia; kwenye gari la kamba alikuwa amejiambia kwamba akilia, mzee atahangaika kumbembeleza badala ya kufikiri.

Mwalimu alihesabu kwa vidole juu ya goti. "Dakika sabini na nne. Karibu robo inaachia njiani."

"Ndiyo."

"Nipe hiyohiyo."

"Mwalimu..."

"Nipe. Unajua giza ni nini, wewe? Mimi nimeishi na nusu yake tangu nina miaka minne. Nina madaftari ya watu thelathini. Nina mke ambaye sijamaliza kumwangalia. Nikipooza mguu nitapata fimbo. Nikipofuka nitapata nini? Mwili ni wangu, Tusekile. Umeniambia hatari, nimeisikia, nimekubali. Rudi juu ukasaini."

Hapo ndipo moyo ulipomkatika. Njia nzima alikuwa ameogopa kwamba atamficha. Hakuwa amefikiria kwamba atamwambia, na yeye ataomba.

"Mwili ni wako, Mwalimu," alisema. "Saini ni yangu. Fomu haiulizi kama umekubali. Inauliza upana ni ngapi."

"Andika kumi basi. Kumi inapita."

"Si kumi."

"Mtoto wewe! Nilikufuata jikoni kwenu!"

"Ulinifuata," alisema Tusekile. "Ukanifundisha namba. Sasa ukitaka nikulipe, nakulipa chochote, nitakuja kukusomea kila siku mpaka uniambie ondoka. Namba sibadilishi. Nikibadilisha kwako kwa sababu nakupenda, kesho nitabadilisha kwa mwingine kwa sababu namwogopa. Na yule baba wa Kyela hakuulizwa na mtu."

Mwalimu aligeuza uso dirishani. Muuguzi Subilaga alipita na sinia la dawa, akaona mgongo wa mzee, akarudi alikotoka. Bupe aliamka, akaguna, akanyonyeshwa. Mahali pote pale palisikika sauti moja tu, ya mtoto kumeza.

"Ananyonya kama mtu mwenye deni na dunia," alisema Mwalimu mwishowe, bado amegeuka. Kisha: "Una kichwa kigumu."

"Nimefundishwa."

"Nimekasirika, usidhani sijakasirika. Nitakuwa na hasira mpaka jioni." Alijifuta jicho kwa mkono wa shati. "Lakini nina siku tatu, sitazimaliza kwa kununa. Nipeleke juu."

"Kusaini?"

"Kuona. Kile kilele nimekichora ubaoni miaka ishirini na sita kutoka kwenye kitabu. Cha kweli sijawahi kukiona hata kimoja."

4

Walipofika, ukuta wa pembeni ya mlango ulikuwa umefutwa. Palikuwa pameandikwa nne, mpya, nyeupe. Macho ya Shangazi yalikuwa mekundu, na mbele yake palikuwa na majina mawili na namba za simu, yote mawili yamepigiwa mstari.

"Wanakuja kesho kupimwa," alisema kabla hajaulizwa. "Yule baba amenitukana, nikamshukuru. Karibu, Mwalimu. Nimekukosea."

"Baadaye, mama. Kwanza kilele. Ukinitubia sasa hivi nitakusamehe, nimeambiwa kusamehe humu ndani ni ugonjwa."

Shangazi alicheka bila kutaka, akamvutia kiti.

Mwalimu aliegemea mpaka paji la uso likagusa kioo. Pumzi yake ikatia mvuke. "Kizuri," alinong'ona. "Ni kizuri, jamani." Alifuata mstari kwa ukucha: bondeni, ukipanda, kileleni, ukishuka. Ukucha ukasimama. Akaurudisha kileleni, akashuka nao tena, akasimama palepale.

"Mbona kina bega?"

"Bega?" aliuliza Tusekile.

"Upande wa kulia. Kushoto kinapanda vizuri. Kulia kinashuka, kinafika hapa, kinatuna kidogo kama mtu aliyebeba kitu ndani ya koti. Cha ubaoni hakifanyi hivi."

Shangazi aliinama. "Aa, hilo ni ukungu wa Sikio. Lipo miezi mingi..." Akajisikia mwenyewe. Mkono ukamwenda mdomoni.

"Sikio halina ukungu," alisema Tusekile polepole. "Ukungu wake ni nne tu. Bega ni la kweli."

Vichwa vitatu vikasogea kwenye kioo. Kisha wakasema wote watatu kwa pamoja.

"Si kilele kimoja," alisema Mwalimu.

"Ni viwili," alisema Tusekile.

"Mungu wangu," alisema Shangazi.

Kiini kilekile cha florini kinaweza kukaa kwa namna mbili, chini au juu kidogo kwa nishati yake. Ungetarajia aliye juu ndiye awe wa kwanza kuruka. Lakini kwenye florini hii ni kinyume: aliyeinuka, protoni zake mbili zimeshikana viunoni, na mlango wa kutokea ni wa mmoja mmoja. Mpaka waachiane, muda umekwenda. Kwa hiyo aliye chini ana kilele kinene, aliyeinuka chembamba. Mbeleko iliyochoka ilikuwa inawachanganya wote wawili kwenye mzigo mmoja, na Sikio, masikini, miezi yote lilikuwa linawaambia wafanyakazi.

Tusekile alishika kalamu. Alichora vilele viwili, akavijumlisha, akafuta, akachora tena. Kinene, arobaini. Chembamba, sita. Nusu kwa nusu, takriban.

"Arobaini huishi dakika hamsini," alisema. "Sita huishi mia tatu na thelathini na tatu. Tukilegeza Mbeleko sasa, saa zao zikaanza humohumo ndani..."

"...wenye haraka wanaondoka wakiwa kwenye chuma," alimalizia Mwalimu, "kabla hawajaingia kwenye damu ya mtu. Hakuna wa kuchuja. Ni kungoja tu. Masaa mangapi?"

"Matatu. Wa haraka watabaki wachache wa kuhesabika. Wa polepole watabaki zaidi ya nusu yao. Mzigo wote utakuwa kama theluthi."

"Na ukiilegeza huwezi kuibana tena," alisema Shangazi. "Kama bega si kilele, tumeumwaga mzigo wa wiki tatu."

"Mzigo huu nisingeusaini hata hivyo," alisema Tusekile.

Shangazi alimpigia daktari wa wodi. Waliisikia sauti yake ikitoka kwenye simu, kavu kama kawaida yake: theluthi ingetosha kwa uvimbe mdogo namna ile, pengine, lakini asiletewe matumaini, aletewe namba, na namba ikizidi kumi, Ijumaa iko palepale.

"Namba ataipata," alisema Shangazi, akakata simu. Akaweka kidole juu ya kitufe cha kulegeza, akamwangalia Tusekile. Tusekile akaitikia kwa kichwa.

Kaunta ya ng'ambo, chombo cha kuhesabu protoni, ikaanza kugonga. Kila mlio wake ulikuwa protoni moja iliyokwenda zake ikakwama kwenye chuma. Ilichoacha nyuma kilikuwa oksijeni isiyodumu, nayo baada ya dakika moja na kitu ikageuka naitrojeni tulivu, hewa tu, kama hii tunayovuta. Mwanzoni milio ilishikana kama mvua juu ya bati. Baada ya nusu saa Tusekile alisoma kilele: ishirini na sita. Baadaye, ishirini na moja.

Shangazi alileta viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa. Mwalimu, ambaye alikuwa ameahidi kukasirika mpaka jioni, alimpakata Bupe na kumweleza habari za protoni zilizoshikana viunoni, na Bupe alimshika pua akaisikiliza. Kumi na sita. Kumi na tatu.

Masaa matatu yalipotimia, milio ilisikika mmoja mmoja, yenye nafasi katikati. Kwenye kioo bega halikuwapo. Kilichobaki kilikuwa kifupi, kimepungua, chembamba, kimesimama peke yake.

"Kumi na moja," alisoma Tusekile. "Kutoa nne."

"Piga kengele kwanza," alisema Shangazi.

Walipiga kengele. Nne.

"Saba," alisema Tusekile, akaandika.

5

Daktari alisoma fomu mara mbili, akasoma na maelezo ya nyuma, akamtazama Tusekile juu ya miwani. "Theluthi," alisema. "Siahidi kitu."

"Hatukuomba ahadi, daktari," alisema Mwalimu kutoka kitandani. "Tumeomba sindano."

Sindano ilikuwa ndogo kuliko ile ya chanjo ya Bupe. Ilipoisha, Subilaga alitazama saa ya ukutani na kuweka mito pande zote mbili za kichwa. Dakika ishirini bila kutikisika.

"Tusekile," aliita Mwalimu, akiongea bila kusogeza taya. "Nikiamka kesho sioni, usije ukajilaza kitandani ukijilaumu. Ulipima."

"Sitajilaza, Mwalimu. Nina mtoto, nani ananiachia kitanda?"

"Na hasira yangu imeisha tangu kwenye viazi. Nimesahau tu kukuambia."

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Ulichukua cha tatu."

Mdomo wa mzee ulicheza, Subilaga akamkemea asitikisike. Dakika ya tano ikapita, na ya nane. Huko ndani, kwenye damu yake, vilikuwa vinasafiri vile vyenye subira, kila kimoja kimefumbata protoni zake mbili, na kwa kila mia vingi vilikuwa bado havijaachia. Si vyote. Saba katika mia, au chini kidogo, vingeachia njiani. Hilo Tusekile alilijua, na alilibeba.

"Umekaa wapi?" aliuliza Mwalimu. "Upande huo siwezi kugeuka."

"Niko huku miguuni, nisikusumbue."

"Sogea hapa mbele, kwenye mwanga. Mweke na huyo mdogo usawa wa uso wako. Bado dakika kumi na mbili, na mimi sina pa kuangalia isipokuwa dari."

Tusekile alivuta kigoda mpaka mbele ya lile jicho moja, akamketisha Bupe juu ya goti, akakaa wima, kama mtu anayepigwa picha. Mwalimu akawatazama.

"Hapohapo," alisema. "Usiondoke."